Kifuniko Kilichozikwa kwa Simiti

Aketch huamka kabla jua halijachomoza. Huwasha jiko la gesi, huchemsha chai, kisha humwogesha Ryan ndani ya karai. Ryan ana mwaka mmoja na miezi saba. Anatembea, anaanguka, anainuka, na kila anachookota hukitia mdomoni. Dada yake, Audrey, yuko gredi ya nne. Baba yao, Okeyo, ni dereva wa pikapu. Hubeba viazi na kabeji kupeleka sokoni. Aketch mwenyewe hufulia watu nguo. Akimaliza za nyumbani kwake, hutoka kwenda kufua za wengine.

Wanaishi Kawangware, upande unaopakana na Riruta. Ploti yao ina vyumba kumi na viwili, sita huku na sita kule, vikitazamana. Katikati kuna korido nyembamba. Mwisho wa korido kuna vyoo viwili na bafu moja. Mfereji wa maji uko langoni.

Mbele ya mlango wa Aketch kuna paipu fupi ya plastiki inayotoka ardhini. Haifiki magotini. Juu yake ina kifuniko cha kuzungusha, kikubwa kama kisosi. Chini yake hupita maji taka yote ya ploti. Kifuniko hicho kiliwekwa kwa sababu moja. Paipu ikiziba, fundi akifungue, aingize waya, aizibue. Kazi yake ni hiyo tu.

Sasa nitasema jambo ambalo wapangaji hawapendi kulisikia. Wao walikigeuza kifuniko kile kuwa sinki. Mtu akimaliza kuosha vyombo, hakujisumbua kutembea hadi chooni. Alizungusha kifuniko, akamwaga maji, akakifunga. Maji yalikwenda pamoja na makoko ya ugali, vichwa vya omena na majani ya chai. Msimamizi wa ploti, ambaye wote humwita keateka, aliwakataza. Wakamjibu, "Kwani sinki iko wapi?" Swali lilikuwa la haki. Sinki haikuwepo.

Basi keateka, kijana wa Kitui anayeitwa Nzuki, alimpigia simu mwenye ploti. Siku ya pili alikuja na karai la simiti. Alikizika kifuniko chote. Akapiga mwiko juu yake, akalainisha vizuri, akaondoka. Hakuna aliyemuuliza, paipu ikiziba itafunguliwa wapi. Hilo linanichoma mpaka leo. Mtu mzima anafunga mlango wa pekee wa kutokea, kisha anajisifu kwamba amepiga plasta safi!

Miezi miwili haikupita. Vyoo vilianza kushuka polepole. Kisha vikaacha kushuka. Kisha maji machafu yakapanda, yakatoka chooni, yakateremka kwenye korido. Mlango wa Aketch uko mahali penye bonde kidogo. Maji yakatuama hapo.

Siku ya kwanza, Aketch aliweka matofali mlangoni. Siku ya pili alimfuata Nzuki langoni.

"Nzuki, hii maji utatoa lini?"

"Nimeambia landilodi. Amesema atatuma mtu," Nzuki alijibu bila kuinua macho kwenye simu yake.

"Lini?"

"Hakusema."

"Yeye anaishi hapa? Ako na mtoto anacheza hapa?"

"Mama Audrey, mimi ni keateka tu. Nikiambiwa weka simiti, naweka. Nikiambiwa ngoja, nangoja."

Aketch alirudi ndani kwa hasira. Alimpeleka Audrey kwa shangazi yake, Soweto West, Kibera, akae huko kwanza. Huko kulikuwa na nafasi ya mtoto mmoja tu. Ryan alikuwa bado ananyonya, hakuweza kumwacha. Alimfungia ndani. Lakini chumba ni kimoja, joto ni kali, na mlango usipofunguliwa mtu hupikwa pamoja na chakula chake. Siku ya tatu, Aketch aligeuka kidogo kuzima jiko. Alipotazama tena, Ryan alikuwa ameketi kwenye tofali, miguu ndani ya maji, akinyonya kijiko kilichoangukia humo.

Usiku ule mtoto hakulala. Asubuhi alikuwa ameharisha mara sita, na alipolia hakutoa machozi.

Aketch alimfunga mgongoni, akakimbia naye kliniki. Mhudumu wa afya, mama mmoja mnene mwenye sauti ya upole, aliyekuwa akiitwa Sista Wanza, aliibana ngozi ya tumbo la Ryan kwa vidole viwili. Ngozi ilichelewa kurudi. Akampa maji ya chumvichumvi kwa kijiko, kidogo kidogo, kwa muda wa karibu saa nne. Kila mtoto alipotapika, alingoja dakika kumi, akaanza tena. Mwishowe Ryan alikojoa. Sista Wanza akashusha pumzi.

"Mama, utampa hii ORS, haya maji ya chumvichumvi, kila akiharisha. Usiache kumnyonyesha. Hii tembe ya zinki utampa kila siku mpaka iishe, hata kama amepona. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Sasa niambie. Kwenu kuko aje?"

Aketch alimweleza. Sista Wanza aliweka kalamu chini.

"Unarudi naye kwa hayo maji?"

"Sina kwingine."

"Basi nikuambie ukweli na usinikasirikie. Mimi nimemtoa hatarini leo. Akiyanywa tena akiwa na huu udhaifu, sijui kama utafika hapa kwa wakati. Hiyo maji lazima itoke. Leo, sio kesho."

Aketch hakumkasirikia. Hasira yake ilikuwa na mahali pengine pa kwenda.

Njiani alimpigia mume wake simu. "Baba Audrey, wacha hiyo kabeji. Kuja na nyundo."

Alipoingia langoni, mtu wa kwanza kukutana naye alikuwa Seline, jirani wa mlango wa pili, mama wa Alvin. Alvin naye ni mtoto wa nepi. Aketch hakumsalimia.

"Ni wewe!" alisema kwa sauti, ploti nzima ikasikia. "Nyinyi mnatupa vitu kwa choo, mtoto wangu anakufa. Kila siku nakuona na ndoo ukienda huko nyuma."

"Mimi? Ndoo ni ya maji ya kufulia, Mama Audrey!"

"Ya kufulia! Endelea kudanganya."

Seline alimtazama Ryan mgongoni mwa mama yake. Macho ya mtoto yalikuwa yameingia ndani. Alichukua leso yake, akatoka langoni upesi. Aketch alidhani amekimbia aibu.

Okeyo alifika na nyundo kubwa. Wanaume wawili wa ploti walikuja kusaidia, Antony na Shiundu. Na hapo ndipo ninapotaka kulia. Wanaume wetu wana ugonjwa huu. Kitu kikikwama, hawaulizi kimekwama kwa nini. Wanauliza nani ana nguvu.

Okeyo aliinua nyundo, akaipiga simiti kwa nguvu zake zote. Kipande kiliruka, kikapita karibu na jicho la Antony.

"We! Utaniua!"

"Songa basi!"

Alipiga tena na tena. Simiti ya juu ilibanduka. Kifuniko kikaonekana, kimepasuka kidogo ukingoni. Pembeni yake simiti ilikuwa bado imekishika. Okeyo alikimbilia kwenye pikapu, akarudi na spana kubwa ya paipu yenye meno. Aliibana kwenye kifuniko, akavuta mpaka mishipa ya shingo ikatoka. Kifuniko hakikusogea. Akabana zaidi. Plastiki ililia.

"Hii kitu imeshikana kabisa," Okeyo alisema akihema.

"Mimi nitawaambia dawa," Shiundu alisema. "Choma. Mwaga petroli kidogo tu hapo juu, washa, plastiki italegea. Niliona mtu akifanya."

"Petroli iko kwa gari," Okeyo alisema.

Akaenda. Akarudi na chupa ndogo. Aketch alisimama mlangoni, mtoto mgongoni. Alitaka tu maji yatoke. Angekubali hata wangesema wavunje ukuta.

"Weka hiyo chupa chini!"

Sauti ilitoka langoni. Alikuwa mwanamke mrefu aliyevaa ovaroli ya bluu na gambuti, mfuko wa vifaa vya kazi begani. Seline alikuwa nyuma yake, anahema. Hakuwa amekimbia aibu. Alikuwa amekimbia mpaka Riruta kumwita fundi wa mabomba, Ndinda, aliyekuwa akifunga tangi kwenye ploti ya huko.

"Weka chini, nimesema! Na wewe, zima sigara!" Ndinda alimnyooshea Shiundu kidole. "Mnajua chini ya hii kifuniko kuna nini?"

"Si maji ya choo?" Shiundu alijibu.

"Maji, na gesi. Uchafu ukikaa ukioza unatoa gesi, na hiyo gesi inashika moto. Mngewasha hapa, kifuniko ingeruka kama risasi, na moto ufuate. Na huyu mama amesimama hapa na mtoto!"

Okeyo aliiweka chupa chini kama kitu kinachouma. Shiundu akakanyaga sigara.

Ndinda alichuchumaa, akakitazama kifuniko. Akaipapasa ile spana.

"Nani aliweka hii?"

"Mimi," Okeyo alisema.

"Hii spana ni ya chuma. Hii kifuniko ni plastiki. Ukibana plastiki ya duara na meno ya chuma, inakuwa yai. Ikishakuwa yai, nyuzi za ndani, zile njia za kuzungushia, zinaumana zaidi. Unavuta kufungua, kumbe unafunga." Akamtazama. "Wewe unafanya kazi gani, baba?"

"Dereva. Pikapu."

"Sawa. Radieta ikichemka barabarani, unafungua kifuniko yake hapo hapo?"

"Ai, siwezi! Kuna dereva mwenzangu alifungua. Ngozi ya mkono yote ilitoka."

"Sasa unafanya aje?"

"Nazima injini, nangoja. Hata saa nzima. Nikigusa na imepoa kabisa, naweka kitambaa nene, nalegeza pole pole. Ikipumua naacha imalize. Ndio natoa."

"Na ikikataa kuzunguka?"

"Siigongi. Ukigonga, shingo ya radieta inapinda. Itakuwa ya kuvuja tu."

"Kumbe unajua kila kitu!" Ndinda alisimama, mikono kiunoni. "Ya gari unaipa heshima. Ya choo unaipiga nyundo. Kwani hii haina presha? Haina shingo? Ama ni kwa sababu gari ni yako na choo ni ya kila mtu?"

Okeyo aliondoa spana kwenye kifuniko. Watu waliokuwa wamekusanyika walicheka kidogo, kisha wakanyamaza, kwa sababu swali lile liliwahusu wote.

"Fundi," Aketch alisema, "mtoto wangu ametoka kliniki. Nimeambiwa leo. Sio kesho."

Ndinda alimtazama Ryan. Uso wake ulilainika.

"Itakuwa leo. Lakini hatutaharakisha mpaka tuharibu. Toa mtoto hapa kwanza."

Hakukuwa na mahali pakavu isipokuwa chumba cha Seline. Aketch alisimama bila kujua la kufanya. Seline akanyoosha mikono. "Nipe," alisema tu. Alimchukua Ryan, akaichukua chupa ya ORS na kijiko, akaingia kwake.

Ndinda alianza kazi. Kwanza alisimama katikati ya korido, akapaza sauti. "Kuanzia sasa hakuna mtu kumwaga maji. Sio choo, sio bafu, sio ndoo. Ukimwaga juu, inatukuta sisi hapa chini." Aliwaambia Antony na Shiundu walete mchanga, wautandaze kama ukuta mdogo kuzunguka paipu na kwenye kizingiti cha Aketch. Aliweka makarai mawili tayari. Kisha akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akangoja.

"Tunangoja nini?" Okeyo aliuliza.

"Paipu haijaziba yote. Kidogo inapita. Tukiipa muda, maji itashuka, presha itapungua. Ni ile injini yako unayongoja ipoe."

Walingoja karibu saa moja. Maji ya korido yalishuka nusu. Okeyo alizunguka huku na huku, hakuzoea kungoja kitu kilichokwama.

Ndinda alivaa glavu na miwani ya kazi. Akamwagia simiti maji kidogo ili vumbi lisiruke. Alichukua patasi nyembamba na nyundo ndogo, ndogo kama ya fundi viatu. Aliigonga simiti pembeni, patasi ikielekea nje, mbali na paipu. Gonga, gonga, gonga. Vipande vilitoka kimoja kimoja. Alimpa Okeyo mswaki wa zamani na maji ya sabuni. "Safisha pale kifuniko inakutana na paipu. Punje moja ya simiti kwa nyuzi inatosha kuizuia."

Okeyo alisugua akiwa amepiga magoti. Ilikuwa kazi ya polepole, na jasho lilimtoka kuliko alipopiga nyundo.

"Sasa lete maji moto," Ndinda alisema. "Si ya kuchemka. Ya kuoga mtu asiyeogopa joto."

Aketch alileta sufuria. Ndinda alichovya kitambaa, akakizungusha kwenye kifuniko. "Kifuniko iko nje, paipu iko ndani. Nikipasha ya nje, inapanuka kidogo. Inaachilia ile ya ndani. Huu ndio moto tunaoruhusu hapa. Na kama ingekuwa ya chuma yenye kutu, ningeweka mafuta ya kulegeza kutu, niiache ilale nayo. Sio nyundo."

Baada ya dakika chache aliondoa kitambaa. Kutoka mfukoni akatoa utepe mrefu wa mpira, uliokatwa kwenye tyubu ya pikipiki. Aliuzungusha kwenye kifuniko mara tatu, akauvuta ukakaza, mwisho wake akaufunga kwenye kipande kifupi cha mti.

"Mpira unashika pande zote sawasawa. Hauumi plastiki, hauifanyi yai. Baba, shika huu mti. Zungusha kuelekea kushoto. Usirushe. Sukuma kidogo, rudisha kidogo. Na usiweke uso juu ya kifuniko. Simama kando hapa."

Okeyo alisukuma. Hakuna kitu. Akarudisha, akasukuma tena. Kifuniko kilitoa mlio mdogo.

"Imesonga!" Antony alipiga kelele.

"Acha!" Ndinda alisema. "Usifungue. Acha ipumue."

Hewa ilitoka ikipiga mluzi, na harufu yake iliwafanya watu wafunike pua. Kisha maji meusi yakachuruzika pembeni ya kifuniko, yakaingia kwenye karai. Walingoja mpaka mluzi ukaisha. Ndipo Okeyo akavaa glavu za Ndinda, akazungusha kwa mkono. Raundi moja, mbili, tatu. Kifuniko kikatoka.

"Angalia hiyo maji," Ndinda alisema. "Ungeitoa kwa nguvu, yote ingekuja kwa macho yako na kwa mdomo. Ungekuwa kliniki pamoja na mtoto wako."

Alichukua waya mrefu wenye ndoano, akauingiza, akazungusha, akavuta. Kilichotoka kwanza kilikuwa matambara na mafuta ya vyombo yaliyoganda. Kisha kikaja kitu kizito. Kisha kingine. Zilikuwa nepi za karatasi, zimevimba kama mito.

"Pampasi!" Shiundu alisema. Watu walianza kunung'unika. Macho mengi yaligeuka kuelekea mlango wa Seline.

"Tulijua," mtu mmoja alisema nyuma. "Si Mama Audrey alisema alipoingia?"

Aketch aliinama. Kila nepi ilikuwa imefungwa kwa kipande cha kitambaa cha kijani. Alikijua kitambaa kile. Lilikuwa pazia lake la zamani. Alilirarua vipande mwezi wa tatu, baada ya mwenye ploti kuondoa pipa la taka langoni kwa sababu mbwa walilipindua. Vijana wa kuzoa taka hupita Jumamosi tu. Nepi zilinuka ndani ya chumba. Basi akawa anazifunga vizuri, kama mtu mwenye adabu, na kuzitumbukiza chooni asubuhi na mapema, na kuzisukuma kwa ndoo nzima ya maji. Zilikwenda. Hakuwahi kujiuliza zilikwenda wapi. Zilikuwa zikija kukaa hapa, mbele ya mlango wake, zikimngoja mwanawe.

Hakuna jirani aliyelijua pazia lile. Angeweza kunyamaza.

Aketch alisimama.

"Ni zangu," alisema.

"Unasema?" Antony aliuliza.

"Nimesema ni zangu! Pampasi zote hizo. Ni za Ryan. Nilizitupa mimi." Sauti yake ilikuwa ya ukali, kana kwamba anamgombeza mtu. Na kweli alikuwa anamgombeza mtu. "Nimetukana Mama Alvin mbele yenu, na yeye hajafanya kitu. Mtoto wangu amekunywa uchafu wangu mwenyewe."

Alikwenda mpaka mlango wa Seline. Seline alikuwa ameketi kitandani, kijiko mkononi, Ryan amelala mapajani pake.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Punguza sauti, amelala sasa hivi," Seline alisema. Kisha akaongeza, "Ulinikosea sana, Mama Audrey."

"Sana. Nisamehe."

"Nitakusamehe. Lakini si leo. Leo bado imeniuma." Akachota kijiko kingine cha maji, akangoja mtoto aamke.

Nampenda Seline kwa jibu lile. Watu hutaka msamaha upesi kama chai ya hotelini.

Kufika jioni korido ilikuwa imekauka. Waliondoa mchanga wote mchafu, wakasugua sakafu kwa sabuni, kisha kwa maji yenye jiki ya kuua vijidudu, wakanawa mikono na miguu. Okeyo alizika nepi? La. Ndinda alimkataza. Zilifungwa kwenye gunia, zikakaa mbali na watoto mpaka vijana wa kuzoa taka walipopita. Kifuniko kilichopasuka kilibadilishwa. Kabla ya kufunga kipya, Ndinda alipaka nyuzi zake grisi ya mabomba.

"Funga na mkono, mpaka ikae. Basi," alimwambia Okeyo. "Hii si shindano ya nguvu. Kila mwezi mmoja wenu aifungue, aifunge. Kifuniko inayofunguliwa haikwami. Na si ya kumwaga sahani hapa. Makoko weka kwa takataka."

Wiki mbili zilipita, na Audrey alikuwa amerudi nyumbani. Jumamosi moja mwenye ploti alikuja, amevaa viatu vya kung'aa. Nzuki alikuwa nyuma yake. Mwenye ploti alisimama juu ya kifuniko kipya.

"Nani alivunja simiti yangu?"

Nzuki alitazama chini.

"Nauliza nani. Nzuki, Jumatatu uirudishe. Hawa watu hawajui kutumia vitu."

Aketch alitoka ndani, mikono imejaa povu la sabuni.

"Ni sisi," alisema. "Bwana yangu alipiga nyundo, na fundi akamaliza."

"Na nani aliziba paipu? Niliambiwa ni pampasi."

"Ni mimi. Nilisema mbele ya ploti yote, na sasa nakuambia wewe. Nilitupa pampasi kwa choo. Lilikuwa kosa, na mtoto wangu nusura afe. Sasa ni zamu yako. Sema lako."

"Langu gani?"

"Nani alisema kifuniko ifungwe na simiti?"

Mwenye ploti alimtazama Nzuki. Nzuki aliinua kichwa. "Simiti niliweka mimi," alisema polepole. "Lakini uliniagiza. Hata nilikuuliza ikiziba itakuwa aje. Ukasema haitaziba."

"Na pipa nani alitoa?" Seline aliuliza kutoka mlangoni kwake.

"Na sinki iko wapi?" Okeyo aliuliza. "Vyumba kumi na mbili, watu wanaosha vyombo kila siku. Ulitaka tumwage wapi?"

Mwenye ploti alijifuta jasho usoni. Alitazama kulia, akatazama kushoto. Kila mlango ulikuwa na mtu. Mwishowe alisema simiti ilikuwa makosa. Akasema pipa litarudi, safari hii lenye mfuniko mzito. Sinki nayo itajengwa karibu na mfereji, iwe na chujio la kuzuia makoko. Alitimiza. Wiki iliyofuata fundi alikuja, na hadi leo maji machafu hayajapanda tena katika ploti ile.

Lakini siku ile, baada ya kuahidi, alitaka kuondoka. Akamgeukia Aketch. "Haya, mama. Pole kwa mambo ya mtoto."

"Mimi sikuharisha," Aketch alisema. "Mtoto ako hapo. Mwambie yeye."

Ryan alikuwa ameketi kwenye kizingiti, mahali palipokuwa na matofali. Mashavu yake yalikuwa yameanza kurudi. Bakuli la uji lilikuwa kati ya miguu yake. Mwenye ploti alisitasita. Hakuna aliyempisha. Basi akaikunja suruali yake kidogo, akachuchumaa kwenye sakafu ya korido kwa mara ya kwanza maishani mwake.

"Pole, kijana," alisema.

Ryan alimtazama, akatazama viatu vyake, kisha akarudi kwenye uji wake. Alikuwa na njaa.